Grand-Place ya Brussels: mwongozo wa nusu siku, kutoka Soko Kuu hadi Matonge

Wageni wengi hufika Grand-Place, hupiga picha mbili tatu mbele ya mnara, hununua chokoleti na kuondoka kabla nusu saa haijaisha. Mara ya kwanza nami nilipita hivyo hivyo, na miaka ikapita kabla sijarudi kuutazama uwanja ule ipasavyo. Tangu hapo nimewapeleka pale ndugu na marafiki, wengine kutoka Dar es Salaam, wengine kutoka Bukavu, na kila safari nimeona jambo jipya. Uwanja huu unasomeka. Kila nyumba ina jina lake na ina watu walioijenga, na ukijua pa kuinua macho utaikuta hata Afrika imechongwa ukutani. Tenga nusu siku: asubuhi uwanjani, adhuhuri upande kilima hadi Matonge, mtaa wa Wakongo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kukata tiketi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Aliye na kibali cha kuishi katika nchi nyingine ya Schengen haombi viza tena. Apande treni tu, pasipoti na kibali viwe mfukoni.

Mwezi utakaochagua ni jambo kubwa. Sisi tuliozoea jua linalochomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima, Ulaya hutuchanganya. Mwezi wa Juni jua la Brussels huzama karibu saa 4 usiku. Desemba huzama kabla ya saa 11 jioni, na asubuhi hulioni mpaka saa 2 na nusu imepita. Anayekuja Desemba ataukuta mti mkubwa wa Krismasi na taa za rangi juu ya majumba, kwa hiyo aje jioni na koti zito.

Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, katikati ya Agosti, uwanja hutandikwa zulia la maua ya begonia. Desturi hiyo ilianza 1971. Zulia lenyewe huonekana vizuri ukiwa juu, kwenye roshani ya Jumba la Jiji, nayo hupandwa kwa tiketi. Mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai kuna Ommegang, msafara wa watu waliovaa mavazi ya karne ya 16 wakiigiza mapokezi ya Kaizari Charles V mwaka 1549. Ni sherehe ya fahari, ila majukwaa ya watazamaji huujaza uwanja kwa siku kadhaa. Kama unachotaka ni kuziona nyumba, nenda Mei au Septemba.

Hatua ya 2: Zoea majina mawili ya kila kitu

Brussels ina lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na kila kibao kimeandikwa kwa zote mbili. Grand-Place ya wasema Kifaransa ni Grote Markt ya wasema Kiholanzi, yaani Soko Kuu, na hapo Kiholanzi ndicho kilichosema kweli. Hapa palikuwa soko. Hati ya 1174 inalitaja, wakati huo likiwa soko la bondeni katika ardhi iliyokuwa kinamasi. Hata jina la jiji limetoka katika neno la kale la makazi ya kinamasini.

Kutoka uwanja wa ndege, treni huondokea chini ya jengo la abiria na kukufikisha katikati ya jiji kwa dakika kama 20. Shuka Bruxelles-Central, ambayo kibao cha pili kitaiita Brussel-Centraal. Usiichanganye na Bruxelles-Midi, ambayo kwa Kiholanzi ni Brussel-Zuid na ndiko zinakofikia treni za London na Paris. Niliwahi kumsubiri shangazi Central saa nzima, kumbe naye ananisubiri Midi akiwa na mabegi matatu. Mkubaliane jina la kituo kwa maandishi.

Ukitoka Central unateremka kwa miguu. Fuata Rue de la Montagne kisha Rue de la Colline. Ni dakika tano hadi saba. Tembea polepole usome vibao vya mitaa inayoingia uwanjani na iliyo jirani nao: mtaa wa Siagi, mtaa wa Nyama na Mkate, mtaa wa samaki aina ya heringi, mtaa wa Soko la Mboga, mtaa wa Watengeneza Kofia. Kabla hujaiona nyumba hata moja, umekwishajua hapa watu walikuja kuuza nini.

Vaa viatu vyenye soli nene isiyoteleza. Chini ni mawe matupu, na mvua ya Brussels haipigi hodi.

Hatua ya 3: Ingia mapema, usimame katikati

Fika saa 1 au saa 2 asubuhi. Uwanja uko wazi usiku na mchana na hakuna kiingilio. Saa hizo utakutana na magari ya kupeleka bidhaa mikahawani na wafagizi wachache tu. Vikundi vya watalii huanza kumiminika baada ya saa 4.

Kuna na sababu ya mwanga. Jua la asubuhi huliangukia Jumba la Jiji pamoja na safu ya nyumba namba 1 hadi 7, na dhahabu iliyopakwa juu yake huwaka. Nyumba za ng'ambo, yaani Maison du Roi na safu ndefu inayoitwa Nyumba za Watawala wa Brabant, hupata jua lao alasiri. Anayependa picha apite mara mbili kwa siku, na hatajuta.

Simama katikati uzunguke taratibu bila kutoa simu. Uwanja si mkubwa: mita 110 kwa 68 hivi, karibu sawa na uwanja wa mpira wa miguu. Lakini kuta zinazouzunguka ni ndefu na zimebanana, ndiyo maana mtu anayetokea kwenye kichochoro hujikuta amesimama ghafla. Nimewaona wazee wa heshima wakishika kifua pale.

Sasa pata habari moja ambayo bila yenyewe huwezi kuuelewa uwanja. Kuanzia tarehe 13 hadi 15 Agosti 1695, jeshi la Louis XIV wa Ufaransa, likiongozwa na Villeroy, liliupiga mji huu kwa mizinga kutoka vilimani. Karibu theluthi ya majengo ya Brussels iliteketea, na uwanjani hapa zikabaki kuta chache zilizoungua. Waliojenga upya hawakuwa wafalme, bali vyama vya mafundi na wafanyabiashara: waoka mikate, wapika bia, wauza nyama, watu wa mashua. Walimaliza sehemu kubwa ya kazi kwa miaka mitano tu. Amri ya jiji ya 1697 ilimtaka kila mwenye nyumba apeleke mchoro wa uso wa nyumba yake ukubaliwe kwanza, ndiyo sababu nyumba hizi, ingawa kila moja ina mapambo yake, zinakaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Jiji lilikaribia kuzipoteza tena kwa kuchakaa. Meya Charles Buls, aliyeongoza kutoka 1881 hadi 1899, alipigania zitunzwe, na mtaa mmoja wa pembeni una jina lake. Mwaka 1998 UNESCO iliuingiza uwanja katika orodha ya urithi wa dunia.

Hatua ya 4: Lisome Jumba la Jiji

Jengo lenye mnara ni la kale kuliko yote hapa. Bawa la kushoto lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 15, la kulia lilianza 1444, na mnara wa Jan van Ruysbroeck, wenye mita 96, ukakamilika katikati ya karne hiyo. Kileleni yuko Malaika Mkuu Mikaeli akimkanyaga shetani. Siku zile za 1695 mnara huu ndio waliokuwa wakiulenga wapiga mizinga. Jengo liliungua ndani, lakini kuta na mnara vikabaki vimesimama huku kila kitu pembeni kikianguka.

Tazama vizuri: mnara hauko katikati. Utasikia hadithi kwamba mjenzi alipogundua kosa hilo alipanda juu akajitupa. Usiibebe kwenda nayo nyumbani. Bawa la kulia lilikuja miaka mingi baadaye nalo ni fupi kuliko la kushoto, basi.

Pita chini ya upinde uingie uani, hakuna malipo. Kuna chemchemi mbili zenye sanamu za mito ya Ubelgiji, Meuse na Escaut. Pana utulivu mle, pazuri kwa mzee au mtoto aliyechoka.

Hatua ya 5: Nyumba za namba 1 hadi 7

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pote, nami naomba nawe ufanye hivyo. Geuka uliweke Jumba la Jiji kushoto kwako. Zamani nyumba haikutambulishwa kwa namba bali kwa jina na alama, maana wengi hawakujua kusoma. Anza upande wa kulia, kwenye kona ya mtaa wa Siagi.

Ya kwanza, yenye kuba na namba mbili, 1 na 2, ni Roy d'Espagne, ya waoka mikate. Juu ya mlango kuna kichwa cha Mtakatifu Aubert, msimamizi wao. Inua macho zaidi umwone Charles II wa Hispania, aliyekuwa akiitawala nchi hii wakati huo. Pembeni yake wamekaa mateka wawili, mmoja Mwafrika wa kaskazini na mwingine mwenyeji wa Amerika. Rafiki yangu mmoja kutoka Mombasa alinyamaza mbele ya sanamu hizo kwa muda, akasema, "Kumbe hata waoka mikate walitaka mateka juu ya duka lao." Sijapata maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo.

Inafuata Brouette, yaani Toroli, ya wauza shahamu za kutengenezea mishumaa. Toroli lenyewe limepakwa dhahabu juu ya mlango. Kisha Sac, Gunia, ya maseremala na watengeneza mapipa. Hapa mapambo ni mengi na mazuri mno, kama inavyostahili nyumba ya watu wa patasi. Namba 5 ni Louve, Mbwamwitu Jike, ya wapiga pinde. Kileleni kwake kuna ndege feniksi, yule wa hadithi anayefufuka kutoka katika majivu yake. Ukikumbuka 1695, utajua waliweka ndege huyo kwa nini.

Namba 6 ni Cornet, ya watu wa mashua, na watoto huipenda kuliko zote. Tazama paa: limechongwa kwa umbo la tezi, yaani upande wa nyuma, ya merikebu ya karne ya 17. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa.

Namba 7 ni Renard, Mbweha, ya wauza vifungo, riboni na vifaa vya kushonea. Kileleni yuko Mtakatifu Nikolao, msimamizi wa wafanyabiashara. Shuka na macho mpaka kwenye sanamu tano zilizopangwa mbele. Iliyofungwa kitambaa machoni ni Haki. Nne zilizobaki ni mabara waliyoyajua: Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Karne moja na nusu na zaidi kabla Mbelgiji hajaweka bendera Kongo, wauza vifungo wa Brussels walikwishaipachika Afrika ukutani kama sehemu ya biashara yao. Kila ninapomleta mgeni wa kutoka nyumbani, hapa ndipo ninapomwacha asimame bila mimi kusema neno.

Hatua ya 6: Upande wa pili wa Jumba la Jiji

Rudi upite mbele ya mnara hadi kwenye nyumba ndogo kuliko zote, Étoile, Nyota, ambayo chini yake watu hupita. Ukutani humo amelala Everard t'Serclaes wa shaba, aliyeongoza kuukomboa mji kutoka kwa Waflandria mwaka 1356. Sanamu ni ya Julien Dillens, na mkono wake unang'aa kwa kusuguliwa na watu wanaotafuta bahati. Kugusa ama kutogusa ni shauri lako.

Jirani yake ni Cygne, Bata Maji Mweupe, iliyokuwa ya wauza nyama. Karl Marx aliishi Brussels kutoka 1845 hadi 1848, na humu alikutana na wafanyakazi wenzake wa Kijerumani. Mwaka 1885 chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji kiliundwa humu humu. Nyumba inayofuata, Arbre d'Or, ni ya wapika bia. Ng'ambo ya uwanja, namba 26 na 27, ni Pigeon, Njiwa, ya wachoraji, ambako Victor Hugo alikaa mwaka 1852 akiwa uhamishoni.

Hatua ya 7: Ingia Maison du Roi

Jengo linalotazamana na mnara lina majina yanayopingana. Kwa Kifaransa ni Nyumba ya Mfalme, kwa Kiholanzi ni Broodhuis, Nyumba ya Mikate. Hakuna mfalme aliyewahi kukaa humo. Mikate ndiyo iliyouzwa pale mwanzoni. Hili unaloliona lilijengwa upya katika karne ya 19, na ndani kuna makumbusho ya jiji, ambayo hufungwa Jumatatu. Humo mna sanamu ya awali ya Malaika Mikaeli na ile ya Manneken Pis, kisanamu cha mtoto anayekojoa kilichotengenezwa 1619. Kilichopo mtaani ni nakala.

Usitoke bila kukumbuka tarehe 5 Juni 1568. Mbele ya mlango huu wakuu wawili, Egmont na Horn, walikatwa vichwa kwa amri ya mtawala aliyetumwa na Hispania, baada ya kulala usiku wao wa mwisho ndani ya jengo lililotangulia hili. Lishike jina la Egmont, tutakutana nalo tena.

Hatua ya 8: Kula, lakini uliza kwanza

Mikahawa ya uwanjani ni ghali kwa sababu unalipia mandhari. Kaa kwa kikombe kimoja cha kahawa, kisha ukale mitaa ya nyuma. Chipsi za Ubelgiji ni tamu kweli, hukaangwa mara mbili. Ila Mwislamu ajue kwamba kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo aulize kama duka linatumia mafuta ya mimea. Chokoleti nazo, nyingine zina pombe ndani. Sema "sans alcool" utaonyeshwa zisizo nayo. Tembea dakika tatu hadi Galeries Royales Saint-Hubert, njia yenye paa la kioo iliyofunguliwa 1847. Duka la Neuhaus la humo ndiko ilikozaliwa pralini, chokoleti iliyojazwa ndani, mwaka 1912.

Ukiingia dukani sema "bonjour" kabla ya kuuliza bei. Kwao kuanza na swali bila salamu ni utovu wa adabu, na sisi hilo hatuhitaji kufundishwa. Pochi ikae mfuko wa mbele, hasa kwenye msongamano na vituoni.

Hatua ya 9: Panda hadi kwa Lumumba

Wengi humalizia hapa. Wewe endelea. Toka kwa mtaa wa Charles Buls na Rue de l'Étuve, mtazame Manneken Pis dakika mbili, halafu panda Rue du Chêne na ufuate vibao vya Sablon. Ni mlima, mzee apande basi.

Kwenye bustani ndogo ya Petit Sablon utawakuta Egmont na Horn wamesimama pamoja. Sanamu hiyo ilikuwa mbele ya Maison du Roi kabla ya kuhamishwa 1879. Juu ya uzio kuna visanamu 48 vya vyama vya mafundi. Jaribu kuwatambua waoka mikate na wapika bia uliotoka kuwaona. Nyuma ya bustani ni kasri la Egmont. Humo, tarehe 20 Juni 2022, familia ya Patrice Lumumba ilikabidhiwa jino lake, kitu pekee kilichobaki mwilini mwake tangu alipouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Simama kidogo mbele ya lango.

Dakika kama kumi mbele ni Porte de Namur, na hapo pana kibao: Square Patrice Lumumba, kilichozinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Ni kiwanja kidogo, magari yanapita pembeni, hakuna dhahabu wala minara. Ukifuata barabara kubwa dakika tano hadi Place du Trône, utaikuta sanamu ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, juu ya farasi. Soma maandishi yake: yanasema shaba na bati ya sanamu hiyo ilitoka Kongo, zawadi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya Katanga. Rafiki yangu wa Lubumbashi, ambaye babu yake alifanya kazi katika migodi ile, aliyasoma maneno hayo kwa sauti, mara mbili.

Kisha rudi Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ule chakula cha mchana: sombe, fufu, samaki wa kuchoma, ndizi. Kilingala ndicho kinachotawala vinyozi na maduka ya vitenge, lakini salimia kwa Kiswahili, maana watu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wapo na watakuitikia. Kurudi, panda metro ya mstari wa 2 au 6 hapo Porte de Namur, badilisha Arts-Loi uchukue mstari wa 1 au 5, ushuke Gare Centrale. Jua likiwa bado lipo, teremka tena Rue de la Colline ukaione Maison du Roi katika mwanga wake wa alasiri.